Sabuni Kwenye Jiko la Gesi

Mtaani kwetu anaitwa Fundi Buluu, maana haondoki jikoni kwa mtu mpaka moto wa gesi uwe wa buluu. Ni mwembamba, ana miaka hamsini na ushee, na kwenye mfuko wa shati hubeba bisibisi tatu na mswaki mkuukuu wa kusugulia vichomeo. Akija hagusi kitu kwanza. Atakwambia, "Bandika chai kama unavyobandika siku zote," kisha atakaa kwenye kigoda autazame moto kama daktari anayetazama ulimi wa mgonjwa.

Alitutengenezea jiko Jumatatu. Kufika Jumatano moto ulikuwa wa njano, unarukaruka, na sufuria za binti yangu, anayepikia watu wa ofisini chakula cha mchana, zilikuwa nyeusi tii. Mimi mdomo wangu hauna breki. Nilimwambia jirani yangu mshonaji kwamba Fundi amezeeka, haoni vizuri, ametuharibia jiko. Mshonaji naye hafichi neno. Ijumaa tayari watu wawili walikuwa wamemwambia Fundi asiende kwao.

Jumamosi asubuhi akaja mwenyewe, bila kuitwa.

"Dada, nasikia nimeharibu."

"Watu husema mengi," nikajibu, nikajifanya natafuta kitambaa.

"Bandika chai."

Nikabandika. Miali ya njano ikapanda mpaka kwenye mkono wa sufuria. Fundi akazima, akafunga mtungi, akasubiri jiko lipoe, kisha akalipindua. Akachokonoa kwa ncha ya bisibisi, kikatoka kipande cha sabuni ya kufulia.

"Hii kaiweka nani?"

Hapo sasa. Jumatatu, alipoondoka tu, nililikagua jiko kwa chini, maana gesi naiogopa. Nikaona kila bomba lina tundu wazi karibu na swichi. Nikajua gesi inavujia hapo. Niliwahi kuona madereva wakiziba tangi la mafuta kwa sabuni, nami nikaziba.

"Mama," binti yangu alisema polepole. Afadhali angenifokea.

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. "Umeliziba pua, dada yangu. Gesi haitoki hapo, hewa ndiyo inaingia."

Akasafisha, akalisimamisha jiko, akaliwasha. Akanionyesha kibati kinachozunguka juu ya tundu: ukikibana sana, moto wa njano na masizi; ukikiachia sana, moto unanguruma na kutaka kuruka kutoka kwenye kichomeo.

"Zungusha wewe."

Nilizungusha. Njano ikanywea kidogo kidogo, moto ukatulia, buluu tupu. Nikairudisha chai, ikachemka, nikammiminia.

"Sasa nikupe nini?" nikamuuliza.

"Chai ninayo. Ila wewe pita kwa mshonaji."

Nilikwenda hapohapo. Nilikuta wateja watatu, nikatamani nirudi, lakini maneno yangu yalikuwa yamemfikia kila mtu. Nikasimama mlangoni nikasema jiko nililiziba mimi, kwa sabuni.

Mshonaji akaacha kukanyaga cherehani. "Sabuni gani?"

"Ya kufulia."

Walicheka bila huruma. Mmoja wao, ambaye jana yake alikuwa amemkataa Fundi, akajifuta machozi akauliza kama bado yuko kwangu.

"Yupo, anakunywa chai," nikasema. "Mkimbilie kabla hajamaliza kikombe."