Mayai Tisa ya Kishingo

Mimi ni mshonaji, na mshonaji hakai kimya. Cherehani ikinyamaza, mdomo unashika zamu. Basi nisilaumiwe nikisema habari za jirani yangu, fundi redio, ambaye nimemwita shemeji tangu siku mkewe alipokuja kuazima mkasi wangu, akaurudisha umenolewa. Kuanzia hapo mimi na mkewe tukawa dada kwa dada. Nyumba zetu zimepakana kwa ukuta wa tofali moja. Mtu akipiga chafya kwake, unaweza kumwambia pole ukiwa kwako.

Dada huyo alikuwa na kuku wa kishingo. Kwa asiyewajua, ni kuku wa kienyeji wasio na unyoya shingoni, ngozi nyekundu tupu, utadhani walikuwa wanaanza kunyonyolewa wakapata upenyo wakatoroka jikoni. Nilimtania sana kwa hilo, naye alicheka mpaka akashika mbavu. Siku aliyoolewa alikuja na wawili ndani ya kikapu, jike na dume, kutoka kwa mama yake, ambaye naye alipewa na mama yake. Kwa miaka thelathini na moja hakuruhusu jogoo wa mtu mwingine akanyage ua wake. Alisema mbegu ikishachanganyika, ndiyo basi tena.

Mwaka jana dada akafariki. Shemeji akabaki na kuku watano na chumba kimoja cha redio mbovu ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, kwa sababu siku hizi watu husikiliza kwenye simu. Binti yao wa pekee anafanya kazi mbali. Hupiga simu kila Jumapili, humwuliza baba yake kama amekula, naye husema amekula. Zikipita hizo dakika tano, wiki imekwisha.

Mimi nilijua. Nilikuwa nausikia ule ukimya kwenye ukuta wangu. Kila siku nilijiambia nitakwenda kesho nikamjulie hali, na kila kesho ilikuja na sare za shule au gauni la harusi la mtu asiyejua kungoja. Mwaka mzima ukapita hivyo, na ninaona aibu kuusema.

Kisha asubuhi moja nguchiro akaingia bandani. Hakubakiza hata mmoja. Shemeji aliwazika wote watano nyuma ya nyumba, jogoo na majike wanne, na jikoni kwake kwenye bakuli kulikuwa na mayai tisa, yaliyotagwa wiki ileile, aliyokuwa ameyaweka ya kula. Hayo tisa ndiyo yaliyobaki ya kuku wa marehemu, duniani kote.

Nilipopata habari nilimwita mlangoni nikamwambia ayalete kwangu. Nilikuwa na kuku mmoja wa madoadoa ambaye siku zile alikuwa anatafuta pa kuatamia, mpole, mwenye kifua kipana. Mayai tisa zaidi yasingemshinda. Shemeji akatikisa kichwa. Alisema haya yatatotolewa humo humo nyumbani mwake, kwa mkono wake. Nikaona ni ukaidi wa kiume, nikarudi kwenye cherehani yangu nikimsema moyoni.

Lakini mikono anayo, hilo nisimnyime. Alichukua kasha la spika kubwa, mbao nene, akalizungushia ndani maboksi na karatasi ya fedha ile ya kufungia vyakula. Akatundika balbu ya wati arobaini. Akafunga swichi inayokata joto likizidi na kuliwasha likipungua, na feni ndogo aliyoing'oa kwenye kompyuta iliyokufa. Chini akaweka sahani ya bati yenye maji, ili hewa isikauke. Mbele akatia kidirisha cha kioo, na kioo chenyewe alikitoa kwenye fremu ya picha yao ya harusi. Kila yai alilichora kwa penseli, upande mmoja msalaba, upande wa pili duara, apate kujua lipi limegeuzwa na lipi bado. Siku mbili nzima alilijaribu tupu, akikiangalia kipimajoto mpaka kikatulia kwenye nyuzi thelathini na saba na nusu. Ndipo akayaweka mayai.

Tangu siku hiyo ukuta wangu ukaanza kusema. Mara tatu kwa siku nilimsikia, asubuhi, adhuhuri na jioni, akiyageuza na kuzungumza nayo. Aliyaambia hali ya hewa. Aliyaambia bei ya sukari. Siku moja aliyasimulia jinsi alivyokutana na mama yao, na alisema hivyo hivyo, "mama yenu", nami nikaondoa mguu kwenye cherehani nisikilize, maana hadithi ile hata dada hakuwahi kunisimulia vizuri.

Siku ya saba aliyamulika kwa tochi. Mawili yalikuwa maangavu tupu, hayana kitu. Saba yalionyesha mishipa myekundu. Alikuja kunieleza dukani, chumba changu cha mbele, akisimama kizingitini, na hakuna aliyekufa nilipoacha kazi robo saa nikamsikiliza. Jioni nikasahau tena.

Sasa, mtotoaji yeyote anajua sheria ya siku tatu za mwisho. Siku ya kumi na nane unayageuza kwa mara ya mwisho, unajaza maji, unafunga, na hufungui tena mpaka vifaranga wawe wametoka na kukauka. Ukifungua, mvuke unatoka, na ile ngozi nyembamba iliyo ndani ya ganda inakauka na kumbana kifaranga akiwa katikati ya kutoka. Shemeji aliijua sheria hii kuliko mimi. Yeye mwenyewe aliandika kwa chaki juu ya kasha: USIFUNGUE. Alimwandikia nani, na anaishi peke yake?

Siku ya ishirini na moja asubuhi, kuku wangu alikuwa ameshatotoa wanane. Nikarudi ndani nimefurahi, nikasikia ukutani kifaranga mmoja analia. Mmoja tu. Alilia nikakata kitambaa, alilia nikaunga mikono ya gauni, alilia mpaka saa tano. Vifaranga waliotoka pamoja hawalii vile. Nikaweka sindano chini nikaenda. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia nyumba ile tangu msiba.

Shemeji alikuwa ameketi sakafuni mbele ya kasha. Kifuniko kilikuwa wazi. Mayai sita yalikuwa yametobolewa, kila moja na kitundu chake, na katika kila kitundu ulionekana mdomo mdogo usiocheza. Moja alikuwa amejaribu kulibandua kwa kucha, likatoka damu. Wa saba, aliyewahi kutoka kabla ya wenzake, alikuwa ndani ya kiganja chake, shingo tupu nyekundu, anapiga kelele.

Nilikasirika, na nikikasirika sichagui maneno. Nikamwuliza, "Shemeji, si wewe uliyeandika hapa usifungue? Ulifungua mara ngapi?"

"Sikuhesabu," akasema. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Waliniita. Tangu jana mchana walikuwa wanaita wakiwa ndani ya mayai. Nami nikisema neno, wanajibu. Mwaka mzima humu ndani hakuna aliyeniita."

Niliketi sakafuni karibu naye.

Tulizika yale sita. Nikamwambia anipe kifaranga nikamchanganye na wangu, angali mchanga, mama yao hatajua si wake. Alikataa. Alisema mmoja hazai, mbegu imekwisha na yeye ndiye aliyeimaliza, sasa nimwachie angalau huyu. Nikamwachia.

Akakaa naye kwa siku mbili. Wanasema mtoto wa kuku hafundishwi kuchakura. Waliosema hivyo hawakumwona huyu, aliyezaliwa akakuta hakuna wa kumwiga. Hakujua chakula ni nini. Shemeji alilala kifudifudi akigonga sakafu kwa ncha ya kidole kama mdomo wa kuku, tk, tk, kwenye chenga za mahindi, mpaka kifaranga akaiga. Akimweka mfukoni mwa shati, kimya. Akimtoa tu, kilio. Hakuweza kuoga wala kupika. Na yote hayo niliyasikia.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe, mkono umefunika mfuko. "Anahitaji wenzake," akasema. "Mimi simtoshi."

Tulikwenda uani. Kuku wa madoadoa alikuwa ametanda, vichwa vinachungulia kwenye manyoya. Shemeji akapiga magoti, akamsukuma kifaranga taratibu chini ya bawa. Kuku akajitikisa, akaguna, akatulia. Kile kilio tulichokizoea kikakatika papo hapo. Tulingoja tuone kama kifaranga atatoka kumtafuta Shemeji. Hakutoka. Shemeji alibaki amepiga magoti muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mfuko wa shati umelegea, kisha akaaga akaenda kwake.

Kesho yake asubuhi alikuja kumwangalia kifaranga, ndivyo alivyosema. Nikampa kiti karibu na cherehani. Tuliongea habari za vitambaa na redio na dada, na saa sita alipoondoka hakuwa amefika uani. Kesho kutwa vivyo hivyo, na siku iliyofuata. Kisebusebu na kiroho papo, nilimcheka moyoni, lakini nilianza kukitengea kiti kile nafasi yake kabla sijafungua duka.

Siku ya nne hakuja. Saa tatu, hayupo. Saa nne, hayupo. Nilielewa. Mtu mwenye haya akishaketi kwako siku tatu mfululizo, ya nne anajiona mzigo, anangoja aambiwe. Mbele yangu nilikuwa na sare kumi na mbili zinazotakiwa jioni, na yale maneno yangu ya siku zote yalishafika kwenye ulimi, kwamba nitakwenda kesho.

Nikageuka kitini, nikagonga ukuta kwa kiganja. "Shemeji!" nikaita.

"Naam," akaitika, kabla sijashusha mkono. Sauti haikutoka jikoni wala uani. Ilitoka palepale nyuma ya tofali, alikokuwa amesimama.