Nyuki Kwanza Kwenye Maua ya Maboga

Juzi sokoni niliona mafungu ya maua ya maboga, bado yamefunguka, manjano kabisa. Nilisimama kidogo. Kwa bibi yangu kule kijijini Zuzu, ua la boga halikuchumwa likiwa wazi.

Sijui kama umewahi kuona bustani ya kwetu wakati wa mvua. Miezi mingi ni vumbi tupu, halafu mvua zikishika, kila kitu kinakimbilia kuishi. Nyuma ya nyumba yake ya tembe bibi alichanganya maboga, matikiti na kunde, na mlenda ukajiotea wenyewe katikati. Alfajiri nyuki waliingia kwenye maua ya maboga, wakatoka wamepakaa unga wa njano mpaka mgongoni. Bibi alipalilia pembeni, akiwapisha. Jua likipanda maua yalijikunja, na hapo ndipo alipochuma yale ya kiume, yenye kikonyo kirefu, akayapika na mlenda na karanga. Mboga ile, na ugali wa uwele wa moto, bado naijua mdomoni.

Jirani yetu, mama mmoja wa Kondoa, alikuwa akimtania kwamba kwake nyuki wanatengewa chakula kabla ya watu. Bibi alimjibu kwamba wao wanafanya kazi, yeye anakula tu, kwa hiyo asubiri.

Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilijaa mjini, kila mtu akawa na kitu cha kuuza, na jirani akawa anapeleka mboga mtaa wa Kikuyu kule mjini kwa wake za watumishi wa serikali. Walitaka maua yaliyo wazi, na yeye aliondoka asubuhi na mapema. Aliomba kuchuma ya kwetu, bibi akamkatalia. Bibi alipokwenda Chemba kumuuguza shangazi, mimi nilikubali kumchumia, kwa ahadi ya raba za mtumba. Kila kukicha nilichuma maua ya kiume yote, nikijiona mwerevu kwa kuwa yale yenye kiboga kidogo chini yake sikuyagusa.

Bibi aliporudi, viboga vilikuwa vinageuka njano na kudondoka, kwa kukosa unga wa maua ya kiume. Aliokota kimoja, akakigeuza, kisha akazitazama raba zangu. Maboga yale ndiyo tuliyokuwa tukiyapanga kila mwaka juu ya paa la tembe yatuvushe kiangazi. Mvua zilikaribia kukatika, na nyuki walishahamia kwenye alizeti za watu.

Hakunipiga. Aliniita vile bibi wa kwetu anavyomtania mjukuu. "Mume wangu, wafanyakazi wangu umewafukuza. Basi kazi yao utaifanya wewe."

Kesho yake alinifundisha kuchuma ua moja la kiume, kulimenya libaki kijiti chenye unga, na kuligusisha kwenye ua la kike, taratibu, kama anayempaka mtoto mchanga mafuta. Vidole vyake vilikuwa na sugu, lakini havikuvunja hata kikonyo kimoja. Jirani naye alikuja, ameona haya, akashika upande wake bila kuambiwa.

Kiangazi kile paa lilikuwa na maboga machache. Tulikula kwa kupimiana, na kila bibi alipopasua boga, kipande kilikwenda kwa jirani.

Leo pale ni viwanja vya nyumba. Aliyekubali vipimwe ni mimi, bibi akiwa ameshazikwa, nikijiambia kwamba bustani inahamishika. Mbegu nilihama nazo kweli. Zinaota uani kwangu na kutambaa hadi ukutani. Maua yanafunguka alfajiri, yanakaa wazi, jua linapanda, yanajikunja bila kuguswa na nyuki wala na mimi.