Dume la Popo la Kuazima

Ndrek alikuwa mfupi, na wala asingejali kama asingemwoa Mrika kutoka milimani. Huko juu kila kitu ni kikubwa: wanaume, kondoo, hata vijiko. Pashk, kaka yake Mrika, hakuwahi kushuka pwani bila kumpapasa shemeji yake kichwani na kumuuliza atarefuka lini. Ndrek alicheka naye, lakini hofu moja haikumtoka: kwamba Mrika, akinyamaza pale mezani, naye anawaza hivyo hivyo.

Ndrek alichunga kondoo na kulinda pango la popo. Kila vuli alikuja mtafiti mmoja, Daktari Ermira, kupima mabawa yao. Mwaka huo akamwambia, kwa furaha tele, kwamba popo wa pwani ni wadogo kuliko wenzao wa milimani, ingawa ni wa aina moja kabisa. Yeye alikuwa anasifu. Ndrek akasikia tusi.

"Hata popo!" akamlalamikia mkewe. "Hata popo wangu ni vibushuti!"

Sasa, mchungaji akiona kundi lake limedumaa hufanya nini? Huazima dume la watu. Ndrek akapanda mlimani, akameza kiburi chake pamoja na rakia, ile pombe kali ya wageni, akamwomba Pashk amkamatie dume kubwa la popo.

Pashk alicheka mpaka akashika nguzo. "Shemeji! Mbegu imekuishia mpaka ya popo?"

Lakini milimani mgeni hanyimwi kitu. Pashk akavaa glavu, akaingia pangoni, akatoka na mfuko wa kitambaa unaotikisika. "Huyu ndiye dume la madume. Twende nikuone ukiaibika."

Waliposhuka walimkuta Ermira uani kwa Ndrek, Mrika akimkatia jibini, wakamweleza mpango wao.

"Mzee Ndrek, popo si kondoo!" Ermira akafoka. Akamtoa popo polepole, akampima, akamgeuza tumbo juu, akaanza kutabasamu. "Dume? Huyu jike. Kwa hawa, majike ndio wakubwa."

Pashk akainama amkague mwenyewe, akainuka ameaibika. Ndrek alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu aoe, lakini hata kucheka hakuweza. "Kwa hiyo wangu watabaki wadogo tu?"

"Wabadilike ili iweje? Huku msimu wa baridi ni mfupi. Wale wa juu, tunavyodhani, wanahitaji mwili mkubwa wa kuvumilia theluji. Wako wanatoshea hapa walipo."

"Mkubwa ni mkubwa tu," Pashk akajitutumua. "Dada yangu anajua alichokosa."

Ndrek akainamia viatu vyake. Mrika akaweka kisu chini.

"Nilichokosa? Pashk, mimi nimekulia kwenye nyumba ya majitu. Mnakula, mnakoroma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama nimechoka. Huyu hukaa nje na kondoo kutwa nzima, na akirudi swali lake la kwanza ni hilo. Akitaka kurefuka, mimi ndiye nitakayemkataza!"

Ndrek akalia pale pale, mbele ya shemeji yake, wala hakujificha.

Popo ilibidi arudishwe kwao, na gari la Ermira lilikuwa dogo. Pashk akakimbilia mlango wa mbele kama kawaida yake. Mrika akamvuta koti, akamwingiza nyuma, magoti yakamgonga kidevu.

"Hapo mbele," akamwambia, "anakaa mume wangu."