Bomba Lililoandikwa Kuwa Limekufa

Sisi wa mamlaka ya maji tulimwita Mama Wino, na hakuwahi kuudhika. Alikuwa mtunza michoro. Ofisi yake ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido ya chini, chenye kabati la chuma la droo kumi na mbili, pana kama milango. Ndani ya droo hizo mji mzima ulikuwa umelala chali: kila bomba, kila valvu, kila chemba, vyote vimechorwa kwenye karatasi ngumu. Funguo za kabati alizivaa shingoni kwa kamba nyeusi. Ukiingia na penseli sikioni alikurudisha mlangoni.

"Penseli hufutika," alisema. "Mimi nikiandika kwa wino, ujue nimeona kwa macho yangu."

Na kweli alikuwa anaona. Fundi akigundua kwamba mchoro una kosa, alijaza fomu, fomu ikapigwa muhuri, kisha Mama Wino mwenyewe akapanda gari la kazi kwenda kuhakikisha. Siku hizo mimi nilikuwa msoma mita, natembea mitaa yote na daftari langu, na mara nyingi nilimkuta amepiga magoti kando ya chemba iliyofunuliwa, tochi mkononi, sketi ameikunja isilowe, na mafundi wamesimama kumngoja kama watoto wanaosahihishiwa hesabu. Tulimcheka pembeni. Lakini akisema bomba lipo mita mbili kutoka ukutani, unachimba mita mbili na unalikuta.

Mumewe naye alikuwa mtu wetu. Alikuwa fundi bomba, mrefu, wa maneno ya kuhesabu, na tulimwita Chepe kwa sababu ya viganja vyake, vipana kama koleo. Miaka kumi na tisa alikuwa amefanya kazi na mwenzake mmoja, Spana, na Mungu alikuwa amewagawia vizuri: maneno aliyonyimwa Chepe alipewa Spana yote. Spana hakuweza kupita dirisha la Mama Wino bila kuingiza kichwa.

"Shemeji, huyu mume wetu umemfanya nini leo? Kanuna tangu asubuhi."

"Mume wetu? Mimi ndiye mwenye cheti."

"Cheti unacho, lakini mchana kutwa anashinda na mimi. Hesabu saa, shemeji, utaona nani mke mkubwa."

Mama Wino alicheka mpaka akaweka kalamu chini, na kuweka kalamu chini kwake halikuwa jambo dogo.

Mwaka huo gari la kazi liliharibika gia. Tukaambiwa wiki moja, ikawa mwezi, ikawa miwili. Fomu za mafundi ziliendelea kuja, naye hakuwa na njia ya kwenda kuhakikisha, na bila kuhakikisha hakuandika. Alizipanga kwenye trei juu ya meza, moja juu ya nyingine, kwa tarehe. Meneja alipomuuliza, alijibu kwamba mchoro wa uongo ni mbaya kuliko mchoro wa zamani. Sikuona wakati ule, wala sioni sasa, kwamba alikuwa mvivu au mwenye kiburi. Alikuwa anaogopa kukosea.

Kisa chenyewe kilianza mezani kwao, jioni, wanakula. Haya aliniambia yeye mwenyewe baadaye. Chepe alimega tonge, akalishika bila kulipeleka mdomoni.

"Lile bomba kuu la nyuma ya soko," alisema, "kwenye mchoro wako limekufa."

"Limekufa tangu mtoto wetu hajazaliwa. Lilikatwa likazibwa."

"Halijafa. Leo nilikuwa peke yangu, natengeneza valvu iliyo karibu nalo, nikaweka sikio kwenye chuma. Maji yanapita."

"Umeyaona?"

"Nimeyasikia."

"Kusikia si kuona, baba. Jaza fomu."

Alijaza. Kesho yake aliiweka kwenye trei kwa mkono wake, akaenda kazini akijua amemaliza. Hakumwambia Spana, maana hawakuwa tena na kazi upande ule. Naye Mama Wino aliiona fomu, akaisoma, akaipa nafasi yake chini ya rundo. Zilikuwepo arobaini mbele yake.

Na mimi? Miezi kadhaa kabla ya hapo nilipita nyuma ya soko, nikaona chemba ya bomba hilo imejaa maji safi yanayotikisika. Maji ya mvua hutuama; haya yalikuwa yakitoka bombani. Nilisimama nikayaangalia, nikajiambia wenye kazi yao wanajua. Mimi ni wa mita. Nikaenda zangu.

Wiki ya tatu tangu fomu ile, mhandisi alipanga kazi ya kung'oa bomba la zamani nyuma ya soko ili lipite jipya. Alitoa mchoro kwenye droo, mchoro ukamwambia limekufa, akaandika hivyo kwenye karatasi ya kazi. Siku yenyewe Chepe alikuwa hospitali, mgongo umemshika, na Spana alipelekwa pamoja na kikosi kingine. Shimo lilikuwa refu kumpita mtu. Spana alishuka na msumeno wa chuma, akitania kwamba anakwenda kumzika mzee aliyekwisha kufa zamani. Hayo walitusimulia wenzake waliokuwa juu. Msumeno ulipozama, bomba lilipasuka. Maji yalimpiga, yakala kuta za shimo, na udongo ukamshukia. Kufunga valvu kulichukua dakika ishirini na tano, kwa sababu hakuna aliyejua ni ipi inayolisha bomba lililokufa.

Walimtoa mchana huohuo. Sitaeleza zaidi.

Baada ya mazishi meneja alituita wote ukumbini. Ilikuja kujulikana kwamba mwaka mmoja wa ukame kikosi fulani kililiunganisha tena bomba lile kwa dharura, na hakuna aliyeandika popote. Wawili kati yao walikuwa wamestaafu, mmoja alikuwa amehama. Meneja alisimama.

"Nauliza, na naomba nijibiwe kwa haki ya marehemu. Kuna mtu yeyote humu aliyekuwa na taarifa kwamba bomba lile lina maji?"

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Chepe. Niliuona mgongo wake. Alikuwa na jibu, na alijua jibu hilo lingemwangukia nani. Aliinamisha kichwa akafumba macho. Mimi nami nilikazia macho viatu vyangu.

Kiti kikasogea upande wa mbele. Mama Wino alikuwa amesimama, karatasi mkononi.

"Mimi nilikuwa nayo," alisema. "Hii hapa fomu. Imeandikwa na mume wangu, wiki tatu kabla. Iliingia kwenye trei yangu. Niliisoma nikaiacha."

Hakutaja gari bovu. Alienda mbele, akavua kamba shingoni, akaiweka mezani na funguo zake, akarudi kukaa. Nilitaka kusimama nami niseme habari ya chemba. Nilibaki kitini. Mpaka leo inaniuma.

Mama Wino alipewa barua ya onyo, akabakishwa kazini. Nyumbani mambo yalikuwa mazito zaidi. Chepe hakumgombeza hata mara moja, na ndilo lililomtesa mkewe. Alikula, akashukuru, akaenda kukaa kibarazani. "Angenitukana ningejua pa kuanzia," aliniambia. Siku ya arobaini ya msiba Mama Wino alikwenda kwa mjane wa Spana, akapiga hodi. Mjane alimkaribisha, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Dada, nimekusamehe," alimwambia. "Nimekusamehe kabisa. Lakini usije tena. Nikikuona nasikia sauti yake akikuita shemeji."

Hakwenda tena.

Miezi sita baadaye mamlaka ilileta ramani ya kwenye simu. Kila fundi, kila dereva, kila msoma mita angeuona mji mzima, na akikuta jambo aweke alama palepale alipo. Wakubwa walitaka alama ionekane tu baada ya kuhakikiwa ofisini. Mama Wino, ambaye wengi tulidhani atakuwa wa kwanza kuikataa, alikwenda kwa meneja bila kuitwa.

"Hapana," alisema. "Ionekane saa ileile, kwa wote. Iwe ya njano, maana yake mtu kasema, bado hatujaona. Akienda wa pili akaona kwa macho, iwe kijani. Wakienda wawili wasikute kitu, ifutwe. Na jina la aliyeweka liwepo, ili aulizwe. Uvumi nao una kazi yake, mheshimiwa, mradi uandikwe kuwa ni uvumi. Mimi niliufungia uvumi kwenye trei, ukaua mtu."

Wakamsikiliza. Wakampa kazi ya kutufundisha. Mwanzoni ilikuwa vichekesho: dereva mmoja aliweka alama ya njano nyuma ya karakana, akaandika, "Hapa kuna chui." Mama Wino alimfuata na tochi. "Nimekuja kuhakikisha chui. Nionyeshe." Wakaenda wote wawili, wakazunguka karakana mara mbili mbele ya watu, kisha akaifuta alama akamshukuru. Hakuna aliyetania tena.

Lakini woga ulibaki. Jina likikaa kando ya kosa, nani atapona? Siku moja Mama Wino alituonyesha alama ya kwanza kabisa kwenye ramani ile. Ilikuwa nyuma ya soko, na jina lilikuwa lake. "Taarifa ilinifikia. Sikuiweka mahali pa kuonekana. Fundi alifariki." Alitusomea kwa sauti ya kawaida, kama anavyosoma kipimo cha bomba. Jioni ile nilimfuata nikamwambia habari ya chemba na maji yaliyotikisika.

"Iweke," alisema.

"Sasa ina faida gani?"

"Sijui. Iweke."

Nikaiweka, chini ya yake. Kesho yake yule dereva wa chui akaweka yake. Kumbe ndiye aliyebeba mabomba ya kuliungia bomba lile, mwaka ule wa ukame. Tulikuwa watatu, kila mmoja na kipande chake.

Chepe peke yake hakuigusa ramani. Aliomba ahamishiwe stoo, akastaafu kabla ya wakati, kisha kifua kikaanza kumla. Mama Wino alijua kilichomo kichwani mwa mumewe: miaka thelathini ya mabomba ambayo hayakuandikwa popote. Alichelea kumuomba. Mwishowe ni yeye Chepe aliyeanza, alasiri moja kibarazani, blanketi magotini.

"Lete hiyo simu yako. Andika."

Akamtajia valvu iliyofunikwa na lami mbele ya posta. Akamtajia bomba linalopinda bila sababu kwenye kona ya kiwanda cha sabuni. Mama Wino akaandika, akauliza, "Niweke jina lako?"

"Weka la Spana. Nyingi tulizikuta wote."

Kidole chake kilibaki hewani. "Jina ni la mtu wa kuulizwa, baba."

Chepe akaangalia njia. Watu walipita, mmoja akawasalimu, hakuitikia.

"Haya," alisema baadaye. "Weka langu. Niulizwe mimi."

Ilichukua majuma saba. Siku nyingine alitaja tatu, siku nyingine pumzi ilimruhusu moja. Hawakuzungumza habari ya shimo wala ya fomu. Lakini ilikuwa tena sauti yake ndani ya nyumba, na Mama Wino alianza kutoka kazini mapema ili asiikose. Alama ya sitini na saba aliitaja akiwa amelala, nusu ya maneno yakipotea. Bomba la inchi nne, mbele ya lango la shule ya msingi, hatua sita kutoka nguzo. Siku mbili baadaye alifariki.

Alama zake zote zilikuwa za njano. Mafundi walizigawana bila kuagizwa, kila mmoja akazipitia mtaani kwake, na moja baada ya nyingine zikageuka kijani. Mama Wino alizifuata kwenye simu akiwa bado kwenye nguo za eda. Mwezi wa tatu ilibaki moja tu, ya lango la shule.

Eda yake ilipokwisha tulikwenda, siku ya likizo, mimi, yeye na kikosi cha watu wanne. Walichimba hatua sita kutoka nguzo, wakafika kina cha bomba, wakakuta udongo mtupu. Wakasogea hatua moja kulia, kisha moja kushoto. Wakachimba mpaka karibu na lango. Hapakuwa na kitu. Kiongozi wa kikosi alijifuta jasho akasema polepole, "Mama, tunaweza kuiacha njano. Pengine alimaanisha nguzo nyingine. Haimdhuru mtu."

"Itamdhuru atakayeiamini," alisema. Aligeuka kwangu. "Wewe umeona nini?"

"Sijaona bomba."

"Na mimi sijaona."

Alitoa simu. Jina la mumewe lilikuwa kwenye kioo, na chini yake maneno aliyoyaandika mwenyewe kibarazani. Aliyasoma mpaka mwisho. Kisha akabonyeza, alama ikatoka, ramani ikabaki nyeupe mahali pale. Alirudisha simu mfukoni, akaomba chepe kwa kijana aliyekuwa karibu naye, na bila kusema neno akaanza kurudisha udongo shimoni.