Mtu Asiye na Ndugu Mtopanga

Kioko alikuja Mtopanga kuchimba kisima kimoja, akaozwa. Ndivyo watu wasemavyo wakitaka kumchokoza, na yeye hakatai. Alitoka Ukambani angali kijana, sururu begani, akapewa kazi na mzee wa Kigiriama aliyekuwa hana maji uani kwake. Mwamba wa huku ni mgumu. Kazi ikawa ndefu. Aliyekuwa akimletea uji ni binti wa mzee huyo, jina lake Kanze. Akifika huinama juu ya shimo na kuuliza, "Wee Mkamba, ushafika kwenu au bado?" Na Kioko, kule chini, hucheka peke yake gizani.

Maji yalipotoka, Kioko hakuondoka.

Wakakaa pamoja mpaka mvi zikawajaa. Walipata mwana mmoja, Mweri, ambaye sasa yuko kazini Voi. Kanze alikuwa mtu wa maneno mengi, Kioko wa machache, basi yakatosha kwa wote wawili. Mwaka juzi Kanze aliugua. Hakuugua sana. Akafa.

Tangu hapo Kioko hakujua yeye ni nani Mtopanga. Hilo hakumwambia mtu. Shemeji yake Changawa, ndugu wa Kanze, alimsalimu kila walipokutana. Lakini salamu hupewa hata mpita njia. Zamani kwa kina Changawa kukiwa na jambo, Kioko hutumwa kama mtoto: kapasue kuni, kaazime viti. Sasa hatumwi. Husikia vigelegele vya arusi yao akiwa kwake kitandani. Akawaza kwamba labda ukwe wake ulizikwa pamoja na Kanze.

Ikawa hivyo mpaka jambo la baraza lilipozuka.

Mtopanga ina vyama vingi vya akiba, vya kina mama, vya waendesha bodaboda, vya wauza mboga. Vyote viko chini ya muungano mmoja, na muungano huo una Baraza la Rufaa. Mtu akiona chama chake kimemdhulumu, hupeleka shauri hapo, likasikizwa na watu watatu. Mwenyekiti ni Bwana Luqman, karani mstaafu wa bandarini, ambaye kanzu yake hupigwa pasi hata kwa kwenda dukani. Wa pili ni Margret, muuguzi. Wa tatu alikuwa mzee Kaingu, lakini alirudi shamba, kiti chake kikabaki kitupu.

Kanuni ya kuketi pale ni fupi. Uwe mtu mzima, usiwe umewahi kula mali ya chama, na usiwe ndugu wala mkwe wa upande wowote.

Shauri lililokuwa likingoja ni la Rahima, muuza viazi karai. Rahima alijifungua, akaugua, akakosa vikao, chama kikamtoa bila kumuuliza neno. Alitaka kurudi. Wenziwe wote wa kucheka nao walikuwa mle. Na mwenyekiti wa chama hicho ni nani? Ni Changawa.

Luqman na Margret wakaketi kutafuta mtu wa tatu.

"Karisa," akasema Margret.

"Karisa na Changawa mama zao wametoka tumbo moja."

"Basi Judy wa duka la dawa."

"Judy! Rahima alipolazwa, ni nani aliyemnyonyesha yule mtoto? Judy si ndiye mamake wa ziwa?"

"Haya, mzee wa mtaa."

"Mkewe mdogo ametoka kwa kina Rahima."

"Ala! Mtopanga yote hii hamna mtu asiye na ndugu?"

Kisha Luqman akapiga paja lake. "Kioko!"

Wakaenda kwake alasiri ile ile. Walimkuta anafagia uwanja.

"Baba Mweri, tumekuja na heshima," akasema Luqman. Akaeleza.

Kioko alifurahi. Mchimba visima kuketi meza moja na karani! Kanze angalikuwepo, angaliutembea mtaa mzima kwa habari hiyo, nyumba kwa nyumba, na mboga ingeungua jikoni.

"Na mbona mimi?" akauliza.

"Kwa sababu wewe huna mtu hapa," akasema Luqman. Alilisema kwa uzuri, kama mtu anayesifu. Margret akamkanyaga mguu. Luqman akasogeza mguu, akaendelea. "Utasimama mbele ya watu, utasema huna ukoo wala ukwe na upande wowote. Basi."

"Na Kanze?"

"Mungu amrehemu. Lakini Baba Mweri, kifo kimeshakata."

Kioko akatazama ufagio. "Niacheni nifikiri."

Akafikiri. Rahima alistahili kusikizwa. Kanze hayupo. Na wenyewe kwa Changawa, kama hawamwiti tena, si wameshasema bila kusema? Akaona Luqman ana haki. Akatoa koti sandukuni, akalianika.

Jumamosi watu walijaa katika ukumbi wa shule ya chekechea. Waliketi juu ya viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mbele iliwekwa meza, na viti vitatu vikubwa vilivyoazimwa kanisani. Luqman akaketi, Margret akaketi. Kioko akaenda kwenye kile cha tatu.

Mstari wa kwanza kabisa aliketi mkongwe mmoja, leso mbili, fimbo mapajani. Huyo ni Jumwa, mama yake Kanze na Changawa. Amekuja kusikia shauri la mwanawe.

Sasa, mkwe mwanamume haketi uso kwa uso na mama mkwe. Ni heshima. Huku pwani vijana wameilegeza, lakini Kioko alikuja nayo kutoka kwao na hakuilegeza hata siku moja. Jumwa akitokea njiani, Kioko hupata mbuzi wa kumtazama, au kama hakuna mbuzi, mawingu. Kanze alikuwa akimcheka: "Mamangu si simba, ati!"

Kioko akashika kile kiti, akakigeuza upande, kikaelekea ukutani. Akaketi. Jumwa akapata bega lake tu. Hakufikiri alipofanya hivyo. Naye Jumwa, bila kufikiri, akavuta leso usoni akageukia dirisha.

Watu wakacheka.

"Hakimu anausikiza ukuta!" akaita mmoja.

"Mwache, huenda ndio shahidi!"

"Baba Mweri," akasema Luqman polepole, "hebu tazama watu, tuanze."

Kioko akainuka. Akashika mgongo wa kiti akigeuze. Mikono ikakaa pale pale. Kiti hakikuwa kizito. Akasimama hivyo, na kicheko kikapungua, kikaisha.

"Bwana Mwenyekiti," akasema, "yale maneno uliyotaka niseme, siwezi."

"Kwa nini?"

"Nina mkwe humu."

"Baba Mweri, si tulizungumza? Marehemu..."

"Marehemu ni Kanze. Mamake yu hai. Yuko pale." Akaonyesha kwa kidevu, na bado hakumtazama.

Luqman akafungua kinywa ili aeleze tena habari ya kifo na kukata, lakini akatanguliwa na Mwanabibi, mama yake Rahima, mwanamke mnene wa sauti nene.

"Luqman! Na madrasa yote uliyosoma wewe! Hebu nikuulize. Mkeo akifa, utamuoa mamake?"

"Astaghfirullahi, Mwanabibi!"

"Nakuuliza. Utamuoa?"

"Hata! Ni haramu."

"Kwa mwaka mmoja? Miwili?"

"Milele. Ni maharimu wangu milele."

"Haya basi. Huo ukwe umekatwa wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Luqman akavua kofia, akakuna kichwa, akacheka naye. "Wallahi nimeshikwa," akasema.

Asiyecheka ni Rahima. Alikuwa na mtoto kifuani, na macho yamemjaa maji.

"Na mimi je? Nimengoja kikao hiki tangu mtoto hajakaa. Leo tena nirudi nyumbani?"

Hilo lilimchoma Kioko. Akamwendea, akainama. "Mwanangu, nisamehe. Ningeketi pale kwa uongo, na haki yako ingeanzia kwenye uongo. Siku moja wangeiondoa."

Rahima akamtazama, akafuta macho kwa ncha ya buibui. "Sawa, mzee. Lakini nitafutieni mtu. Msinitupe."

"Tuvuke feri," akasema Margret. "Muungano wa Likoni una mtu wao, Mwidani. Huyo huku kwetu hana hata paka."

Wakamleta Mwidani Jumamosi ya pili. Akasikiza pande zote mbili, na Rahima akarudishwa chamani. Chama kikaambiwa kisimtoe mtu tena kabla hakijamsikiza. Changawa akakubali mbele ya wote, akampa Rahima mkono.

Lakini siku ile ya kwanza, watu walipokuwa wakitoka, Changawa alimfuata Kioko nje ya ukumbi.

"Mlamu!"

Kioko akasimama. Jina hilo la shemeji na shemeji hakuitwa tangu mazikoni.

"Mlamu, umeniponza. Ungenyamaza tu ukaketi, si ungenipendelea?"

"Ningekufunga. Mimi napenda viazi vya Rahima."

Changawa akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mbona huji nyumbani?"

"Siitwi."

"Mkwe huitwa?"

"Zamani nikitumwa."

Changawa akachimba mchanga kwa kidole cha mguu. "Zamani Kanze ndiye aliyekuwa akikuletea maneno yetu. Sisi hatujui kukusemesha. Tulikuwa tukikuona jinsi unavyotutazama, unamtafuta yeye kwenye nyuso zetu. Tukasema, tumwache apumzike."

"Kupumzika kumenichosha," akasema Kioko.

Jumwa alikuwa amesimama hatua chache kando yao, mgongo amewapa, ameshikwa mkono na mjukuu wake Dama, binti wa Changawa.

"Dama," akaita.

"Abee, bibi."

"Mwambie mkwe wangu, posa yako ni Jumapili ijayo. Wageni wanatoka Rabai. Na anayepokea wageni mlangoni ni mkwe mkubwa, si mwingine."

Dama akageuka. "Baba Mweri, bibi anasema..."

"Nimesikia."

"Bibi, Baba Mweri anasema amesikia."

"Nami nimemsikia. Mwambie avae lile koti."

Jumapili Kioko alifika mapema, hata uwanja haujamwagiwa maji. Wakamtuma viti, akaleta viti. Wakamtuma kuni, vijana wakataka kumpokea shoka, akawafukuza. Changawa akamfokea kwamba anazipasua nene mno. Yeye akajibu ni nene kwa sababu sufuria ya wachoyo hukawia kuiva. Saa ilipokaribia, akanawa, akavaa koti, akaenda kusimama mlangoni.

Wageni wakaja wengi, wamependeza, wamechoka na njia. Mzee wao aliyetangulia akasimama mbele ya Kioko, akamtazama. Lafudhi ya Kikamba aliyoisikia katika salamu ya Kioko ilikuwa imemtatiza.

"Sisi tumekuja kwa jambo la heri," akasema. "Na wewe, mwenzetu, ni nani wa mji huu?"

"Mkwe," akasema Kioko. "Mume wa Kanze. Piteni, na angalieni hapo penye jiwe, panateleza."