Taa ya Ukumbi wa Kuingilia

Mungu alitujalia kumaliza nyumba yetu pale Tengeru katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Arusha mjini yalipoanza kujaa vitu ambavyo zamani tuliviona tu kwenye nyumba za wamisionari. Nilikuwa mwalimu wa Biblia, na mke wangu alilima nyanya na kabichi. Tulijenga taratibu, chumba baada ya chumba. Mlango wa mninga, mrefu, wa mabawa mawili, ulikuwa tayari. Ilibaki taa ya ukumbi wa kuingilia. Nilitaka taa ya vioo ya kuning'inia, ili anayefungua mlango ajue Bwana ametutendea mema.

Nilijiandaa. Jumapili, baada ya ibada, nilimwomba mchungaji wetu asimame ukutani nikampima kwa kamba, maana ndiye angekuja kuibariki nyumba, na ni mtu mrefu. Nikaongeza vidole vinne. Tukaenda mjini, mimi na mke wangu.

Dukani, penye dari ya kimo kama ya kwetu, niliipenda taa moja ya ngazi tatu za vioo. Nikaishusha kamba chini yake mpaka sakafuni.

"Inatosha," nikasema. "Mchungaji anapita bila kuinama."

"Na mama?" mke wangu akauliza.

"Mama gani?"

"Mama yako, baba watoto. Huwa anaingia na nini kichwani?"

Mama yangu aliishi juu, kwenye migomba ya Meru. Hakuwahi kuingia kwa mtoto wake bila mkungu wa ndizi kichwani, wala hakukubali kupokelewa mlangoni. Aliutua mwenyewe jikoni, ndipo asalimiwe. Ndizi hizo ndizo zilizonisomesha, nami nilikuwa nimempima mchungaji.

"Mnyororo unafupishwa, mwalimu," mwenye duka akasema haraka.

"Na vioo navyo vinafupishwa?" mke wangu akamjibu. Akachukua boksi tupu, akajitwika, akapita chini ya taa. Vioo vikagongana.

"Mama, utanivunjia duka!"

"Afadhali hapa kuliko kwangu."

Wateja walicheka. Yeye alizunguka na boksi lake kichwani mpaka akafika kwenye taa nyingine, pana kama sinia, vioo vyake vifupi vimekaa karibu na dari. Akapita chini yake mara mbili. Siwezi kudanganya, moyo wangu ulikuwa bado kwenye ile ya ngazi tatu. Tulichukua aliyoichagua.

Siku ya baraka niliiwasha mchana kweupe. Mchungaji na wazee wa kanisa walikuwa wamesimama mlangoni, wimbo umeanza, Mama akatokea njiani na mkungu wake. Mchungaji akasogea pembeni, nao wengine wakafuata. Mama akaingia, shingo imenyooka, mikono inaning'inia. Mwanga ukamwagika juu ya ndizi mbichi. Hakuna kioo kilicholia. Katikati ya ukumbi akasimama, akainua macho bila kuinua kichwa.

"Ndiyo hii mliyonunua?"

"Ndiyo, Mama. Shikamoo."

"Wewe mtoto, ngoja nitue kwanza!"

Wimbo ukavunjika kwa kicheko. Mama akaendelea kuelekea jikoni kwa hatua zake zilezile, mke wangu nyuma yake, kisha mchungaji na wazee. Nilisimama kizingitini nikimshukuru Mungu, nikawaacha wote wapite, nikawa wa mwisho kuingia katika nyumba yangu mwenyewe.