Pumzi ya Fundi

Shemeji yangu, mume wa dada, akimimina chai hubana pumzi. Mashavu yanamjaa, macho yanamtoka, na wanawe wanamkodolea mpaka kikombe kijae, kisha wanapiga kelele kwa pamoja: "Pumua, baba!" Hapo naye anacheka na kupumua. Tabia hiyo aliitoa kazini, na huko ndiko alikobandikwa jina la Fundi Pumzi.

Nami nafanya kazi katika maabara hiyohiyo, kwa sababu ni yeye aliyenisemea nikaajiriwa. Naendesha darubini. Si ile ya kuchungulia kwa jicho moja. Hii ni kubwa kuliko kabati la nguo, inapiga picha kwa elektroni, na haipokei kitu ila kiwe kimegandishwa. Mgandishaji ni yeye. Anashika kwa kibano kiwavu cha shaba kidogo kama punje ya mtama, anakidondoshea tone la protini, anafyonza maji kwa karatasi mpaka ubaki utando tu, halafu anakitumbukiza kwenye gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika. Maji yanaganda papo hapo yakiwa angavu kama kioo. Akifyonza mno, utando unakauka. Akifyonza kidogo, barafu inakuwa nene, nami naambulia kiza kwenye skrini.

Baada ya hapo anabaki adui mmoja, pumzi ya mtu. Ukikipumulia kiwavu kilichogandishwa, unyevu wa kinywa chako unaganda juu yake, na picha zinajaa madoa meusi. Ndiyo maana wenzake huvaa barakoa. Fundi alizidharau. "Barakoa ni ya wanaojifunza," alizoea kuwaambia. "Mtu mzima anajua pumzi yake iko wapi." Alijisikia, na tulimwacha ajisikie, maana kazi yake ilikuwa safi.

Kisha ikaja mashine. Mkuu wa maabara alilifungua sanduku la mashine kwa mikono yake, kwa furaha ya bwana harusi. Mashine ilinyunyiza vitone ambavyo jicho halivioni, kiwavu kikapita na kuzama kabla hujapepesa, na barafu ikatoka sawasawa kila mara. Ilichoshindwa ni kuvihamisha viwavu na kuvipanga kwenye kikasha cha kuhifadhia. Hiyo ikabaki kazi ya Fundi. Mkuu akampiga begani mbele ya watu wote.

"Mzee, umehangaika sana. Sasa na wewe utapumua!"

Tulicheka. Nami nilicheka, tena kwa sauti, na sijui ni kwa nini sikumtazama usoni.

Wa kwanza kuitumia alikuwa mtafiti wetu mdogo kuliko wote, binti tuliyemwita Kitinda. Siku za mapumziko alikuja kula kwa dada, akawa anamwita Fundi baba. Alikuwa akichunguza protini ya kijidudu kinachoua ng'ombe. Aliihangaikia muda mrefu mpaka ikambakia tone moja kwenye kichupa, na masomo yake yote yalikuwa yakingoja picha za tone hilo. Alimfuata Fundi kwenye meza yake.

"Baba, nikipitisha kwenye mashine hutakasirika?"

"Nikasirike nini, mwanangu? Pitisha."

Mashine ikafanya kazi yake. Fundi akainama kwenye beseni la naitrojeni, kimiminika cha baridi kali kinachozuia barafu isiyeyuke, akavihamisha viwavu kimoja baada ya kingine, akafunga kikasha na kunikabidhi.

Asubuhi nilipoviweka kwenye darubini, kila picha ilikuwa madoa. Nilihamia kiwavu cha pili, cha tatu, nikarudi cha kwanza. Kitinda alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Mwanzoni aliuliza maswali, na nilipogeuka baadaye alikuwa analia bila sauti.

Mkuu aliitwa, na Fundi naye akaja. Mkuu alikunja uso, akasema mashine ina kasoro, itafungashwa irudi ilikotoka. Hapo ilitosha Fundi kufunga mdomo, na meza yake ingekuwa yake tena. Lakini Kitinda alijifuta machozi, akamwendea.

"Nisamehe, baba. Nilikuwa na haraka. Ningekuachia wewe, isingeharibika."

Nimemjua shemeji yangu tangu alipokuja kumposa dada, na sikuwahi kuona uso wake ukiporomoka vile. Aliangalia viatu vyake.

"Nilipumua," akasema.

Mkuu akatikisa mkono. "Basi ni bahati mbaya. Humtokea mtu yeyote."

"Haikunitokea. Niliinama, nikavipumulia kwa makusudi." Akamgeukia mkuu. "Si mlisema nitapumua?"

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Nilikumbuka kicheko changu, na aibu ikaniwaka masikioni. Kitinda alimtazama kwa muda, si kwa hasira, ila kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Halafu akachukua mkoba wake akatoka.

Fundi hakufukuzwa. Nadhani angefukuzwa angepata nafuu, kwa sababu angeona haya akiwa nyumbani, mlango umefungwa. Badala yake alikuja kila siku, akasalimia, akaihudumia mashine ileile, na watu wakamwonyesha adabu nyingi kupita kiasi. Jina la Fundi Pumzi liliacha kutajwa. Kitinda alianza upya kuotesha bakteria wanaotengeneza protini yake na kuisafisha hatua kwa hatua, huku wenzake aliosoma nao wakimaliza na kuondoka. Kwa dada hakuja tena kula.

Siku kichupa kipya kilipokuwa tayari, alikuja nacho mezani kwa Fundi, na mkono mwingine umeshika barakoa.

"Vaa hii, fundi," akamwambia kwa upole. Hakusema baba.

Akaivaa. Kamba ilimponyoka sikioni, akairudisha, nasi sote tukajifanya tuna shughuli.

Picha zilitoka safi. Jioni hiyo nilikuwa kwa dada, na Fundi akatumiminia chai. Watoto walimkodolea macho kama kawaida, wakingoja mashavu yajae. Hayakujaa. Alimimina huku anahema kama mtu mwingine yeyote, kikombe kikafurika mpaka kwenye kisahani, na hakuna aliyemwambia apumue.